Kichuguu Chetu, Tereni ya Afande

Usiku mvua ilinyesha sana huku Mella, mpakani na Kenya. Asubuhi baba yangu alikuwa na shida moja tu: kumbikumbi wa kukaanga. Kichuguu chetu kiko nyuma ya mihogo, kikubwa kuliko jikoni. Mzee alikifunika na majani ya migomba, akachimba shimo wadudu waangukie, akanipa vijiti. Unagonga chini, ta-ta-ta, wanafikiri mvua imerudi, wanatoka. Mimi shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo kudanganya wadudu ndiyo ilikuwa kazi ya kiwango changu.

Tulisikia waasi wako karibu. Mama akaanza kufunga mizigo twende Kenya. Kabla hajamaliza, jeshi likaingia, na afande akapanda juu ya kichuguu na mabuti yake.

"Hapa tereni nzuri," akasema.

Nikauliza askari mmoja tereni ni nini.

"Ni ardhi vile imekaa. Pa kujificha, pa kupigia, pa adui kupita."

Nikaangalia. Mimi naona mihogo, kisima, na kaburi la nyanya yangu.

"Afande, shuka," Baba akasema. "Unaziba mlango."

"Mlango wa nani, mzee?"

"Wa kumbikumbi."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nikamvuta Mzee shati.

"Baba, twende! Mama yuko njiani."

"Wanatoka sasa hivi. Nyinyi tangulieni. Lete vijiti."

Jamani! Vita nzima inakuja, mtu anagombania wadudu. Nikamtupia vijiti, nikaondoka nanung'unika kama bibi harusi aliyenyimwa soda.

Tulikuwa katikati ya mpunga, maji magotini, risasi zikaanza.

Tukalala kwenye tope.

"Baba yako yuko nyuma?" Mama akauliza.

Nikageuka.

Mpunga tu.

Tuliporudi kutoka Kenya, majirani walikuwa wamemzika pale pale alipoanguka, kando ya kichuguu. Majani ya migomba yalikuwa na matundu ya risasi. Shimo lake lilikuwa limejaa mabawa. Walitoka kweli! Mzee alisema kweli, na hiyo ndiyo inaniudhi mpaka leo, maana sina hata pa kumlaumu vizuri.

Sasa kijana wangu anaendesha bodaboda pale Busia. Akija nyumbani na matope analalamika, "Mzee, tereni ya huku mbaya."

Namwambia hiyo si tereni, hiyo ni kwa babu yako, pita polepole.

Mvua ikinyesha, nagonga vijiti mwenyewe. Wanatoka. Nawakaanga na chumvi, nakula nimekasirika.