Nyumba Iliyojengwa Kumponya Baba

Nilipokuwa mtoto wa kulala chini ya meza, hapo mtaa wa Shauri Moyo mjini, tumbo la Baba lilianza kufura. Mikono na miguu ilikonda, tumbo likazidi kusonga mbele, mpaka akawa hawezi kuinama kugonga bati. Baba alikuwa fundi wa masanduku, yale ya wanafunzi wa bweni, na kuinama ndiyo kazi yenyewe.

Majirani walisema anakunywa chini ya maji. Uongo mtupu. Baba hakuwahi kuonja pombe. Daktari wa zahanati alimpapasa chini ya mbavu za kushoto, akakuta bandama limevimba, akatuambia twende hospitali kubwa koo limulikwe, maana mishipa ya ndani huenda imejaa damu kupita kiasi. Mama akapanga waende kesho yake. Jioni hiyo Dani, mama yake Baba, akafika kutoka Nyanza.

Alilitazama tumbo la mwanawe kabla ya kumsalimia.

"Hili si la daktari," akasema. "Si nilikukataza? Umejenga kabla ya kaka yako. Hii ni chira."

Kwetu Waluo, mdogo hajengi bomani kwa baba yao kabla ya mkubwa. Akijenga, chira humwandama: anakonda huku anafura, anatapika damu, mpaka afe. Baba alikuwa na mabati, Baba mkubwa hakuwa nayo, basi Baba akatangulia.

"Nyumba ya mkubwa isimame kwanza," Dani akaamua. "Akitapika damu kabla haijaezekwa, msije mkaniuliza."

Mama alijaribu. "Mama, twende hospitali, nyumba itafuata."

"Na akifia huko utaniambia nini?"

Mama akaifuta safari ya hospitali. Hakuwa mnyonge, nisije nikamsingizia. Aliogopa, nasi tuliogopa. Ukiambiwa mumeo anakufa kwa sababu ya ukuta ambao haujajengwa, utajenga ukuta.

Mabati yote ya kazi yakapakiwa kwenye lori kwenda nyumbani Nyanza. Baba akabaki kitandani akinywa manyasi, ile dawa chungu ya kuondoa chira. Siku zikapita, akaanza kuchanganyikiwa. Aliniita kwa jina la babake aliyekufa zamani, na akinyoosha mikono ilipepea yenyewe kama inafukuza nzi.

"Mmeona?" Dani akasema. "Wazee wamekuja."

Na kweli tuliona. Kila kilichotokea kilikubaliana na maneno yake, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumapili moja, tukiwa tumetoka kanisani, Baba aliketi akaomba beseni. Damu ilitoka nyekundu, kisha nyeusi yenye mabonge, ikajaa, ikamwagika kwenye saruji. Dani alimshika mabega.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alimbembeleza. "Imebaki paa tu."

Baba alikata roho kabla hatujafika hospitali. Daktari wa huko alimweleza Mama taratibu. Kichocho cha mashamba ya mpunga, alikokulia Baba, kiliacha makovu kwenye ini. Damu ilikosa njia ya kupita, ikarudi nyuma, ikalifurisha bandama, maji yakavujia tumboni, mishipa myembamba ya koo ikajaa mpaka ikapasuka. Sumu ambayo ini lilishindwa kuisafisha ndiyo iliyomvuruga akili. Mishipa ile hufungwa, alisema, mgonjwa akiletwa mapema. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama ilikuwa lazima amwambie hilo la mwisho.

Nyumba ya Baba mkubwa iliezekwa baada ya mazishi, kwa mabati ya Baba. Hajawahi kulala ndani yake. Huweka mahindi humo, naye hulala jikoni. Dani alikufa akiamini kwamba tulichelewa kuezeka. Sikumbishia, alimpenda mwanawe kuliko alivyojipenda mwenyewe.

Mimi sasa nimepanga chumba mtaa wa Pipeline. Nilipimwa kichocho, nikameza dawa. Jirani akifura tumbo, mimi ndiye wa kwanza kumsukuma hospitali, hata akinuna. Haya ya ini na mishipa nayajua yote, naweza kumchorea mtu kwenye karatasi. Lakini mawe yangu ya kujengea yamerundikwa bomani mwaka baada ya mwaka, nyasi zimeyafunika. Mke wangu huniuliza nangoja nini.

Namwambia kwamba Ochieng', kaka yangu mkubwa, hajajenga.