Mafundo ya Mkono wa Kushoto

Jina lake ni Rebeka, lakini kiwandani hakuna anayemwita hivyo. Ni Mama Hellen, na huyo Hellen tulikuwa naye hapa hapa, meza moja, mama upande huu na binti upande ule. Kazi yetu ni nyavu. Mashine kubwa zinasuka, ila kuna mahali zinaruka, na pale ziliporuka sisi tunashona kwa mkono. Ni kazi ya kuumiza shingo, na anayesema ni rahisi aje akae siku moja kwenye kiti changu.

Hellen alitumia mkono wa kushoto. Alipokuwa mdogo, bibi yake wa Misungwi aliufunga ule mkono kitambaa ili azoee wa kulia, maana mtoto wa kike atawapaje wageni chakula kwa kushoto? Mama Hellen alipokwenda kumchukua likizo ilipoisha, akakikuta kile kitambaa, akakifungua, akarudi na mtoto wake nyumbani Igogo. Bibi alinuna mpaka Krismasi.

Pale mezani tulimtania sana. Uzi wake ulizunguka kinyume na wetu, fundo likaelekea upande wake peke yake, na ukikaa karibu naye viwiko vinagongana kutwa. “Dada Raya, sogea huko,” ananiambia, “wewe ndiye uliyekaa vibaya.”

Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Mwaka jana, masika yakiwa yameanza, maumivu yalimshika Jumapili, akalazwa, na hatukumwona tena akiwa hai. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Msiba ulipokwisha mama yake alirudi kazini, akakaa kwenye kiti chake kilekile. Kile cha mbele yake hakuna aliyekikalia mpaka leo.

Mwaka huu ikaletwa kamera. Wavu unapita juu ya meza yenye taa, kamera inautazama, na akili mnemba iliyo ndani ya kompyuta inatafuta kasoro: uzi uliokatika, jicho lililopanuka, fundo linaloteleza. Ikiona kitu inapiga mlio na kukizungushia duara jekundu kwenye kioo. Ilifundishwa kwa picha za mafundo yetu ya mwaka huu, maelfu kwa maelfu. Agizo lilikuwa fupi: chenye duara kinakatwa, kinashonwa upya. Na nyavu za mwaka jana zilizolala stoo zikingoja mnunuzi, zipite zote kabla ya kutoka.

Kazi ya kukata akapewa Mama Hellen, kwa kuwa ana macho mazuri. Robota la kwanza la stoo likafunguliwa, mlio ukalia. Akashika mkasi, akakata, akaliinua fundo alitupe. Hakulitupa. Nilimwona analigeuza kwenye kiganja, akaligeuza tena.

“Raya,” akasema, “njoo uone.”

Sikuhitaji hata kuinama. Lilielekea kushoto.

“Nimelikata mwenyewe,” akasema. Uso wake siwezi kuueleza. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini siku ile nililia.

Mlio ukalia tena, na tena. Elias, kijana anayeitunza ile kompyuta, akaja mbio. “Shikamoo, mama.” Wala hakungoja marahaba. Akabonyeza, akasoma, akafurahi. “Mama, imeyaweka kundi moja! Inasema kasoro hizi zote zimetoka kwenye mkono wa mtu mmoja. Tukimjua tutamfundisha upya. Ni nani huyu?”

Nilitamani kumziba mdomo. Mama Hellen akamjibu taratibu, “Ni mwanangu. Alishafariki.”

Elias ni kijana mwema, tatizo lake ni haraka tu. Alisimama pale hana pa kuweka mikono. “Pole, mama. Nisamehe.” Halafu akachukua kipande cha wavu, akalivuta fundo moja kwenye kipimo, likashika sawasawa na yetu. “Basi hii si kasoro. Mashine haijawahi kuona fundo la hivi, ndiyo maana inalia. Ukiniambia ni mazima, nitaifundisha. Hayatakatwa tena.”

“Itakuwa inalia ikiyaona?”

“Hapana. Itayapita kama mengine. Hatutajua hata yako wapi.”

Mama Hellen akalifumbata lile fundo alilokata, na mimi nikamwelewa. Uzi wetu ni mwembamba na macho ya wavu hayahesabiki. Bila lile duara hakuna jicho la mtu litakalompata Hellen humo. Akisema ni kasoro, ataitwa kwa kila fundo la mwanawe, na kila fundo atalikata kwa mkasi wake. Akisema ni zima, litabaki, na yeye hataliona tena.

“Niache kwanza niyaangalie,” akasema.

Elias akapunguza mwendo wa mashine. Mchana wote ule mlio ulilia, na kila ulipolia Mama Hellen alilishika fundo kwa vidole viwili, akaliachia lipite. Akafika mahali akacheka. “Hapa alikuwa anapiga soga na wewe, Raya. Ona mkia wa uzi alivyouacha mrefu.” Kweli, ulikuwa mrefu. Nilimwambia ni kosa langu, akacheka tena, kisha akajifuta macho kwa khanga.

King'ora cha kutoka kilipolia, akamgeukia Elias. “Iambie ni mazima.”

Elias akaandika. Akalirudisha robota lilelile, akaiwasha mashine lipite upya ahakikishe kwamba imeelewa. Wavu ukatembea juu ya taa, mita kwa mita, na kioo kikabaki cheupe.

“Yanapita?” Mama Hellen akauliza.

“Yanapita, mama. Hayana kasoro.”

Mama Hellen alikuwa ameweka kiganja juu ya wavu, ukipita chini ya mkono wake, na hakuuondoa mpaka wavu ulipoisha.