Miaka Saba ya Papa Floribert

Kwa miaka minane nimeketi meza moja na Papa Floribert Cirhuza katika état-civil, ofisi ya kuandikisha raia ya komini yetu, manispaa ndogo hapa Bukavu, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Yeye huandika watoto waliozaliwa, mimi hugonga mihuri na kupanda kwenye kiti kutafuta vitabu vya zamani juu ya kabati. Mimi ni mmoja wa wale wanaoitwa nouvelle unité: nafanya kazi ya serikali, lakini serikali haijanipa namba ya mwajiriwa. Niliahidiwa kwamba siku Papa Floribert atakapopumzika kwa pensheni, nafasi yake itakuwa yangu. Naanza na hilo ili mtu asije akanidhania malaika.

Mwandiko wake ulijulikana. Hata wakubwa wa mtaa wa Muhumba, wenye kompyuta sebuleni, walitaka karatasi ya mtoto wao iandikwe kwa mkono wake. Lakini jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha zamani, na la kulia daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba nalo linaelekea huko, na kila siku ya kuinamia kitabu inaliharakisha. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mama mmoja alirudi kwetu na karatasi mkononi, kichanga mgongoni. Papa Floribert alikuwa ameandika 2014. Mtoto wa wiki tatu tayari alikuwa na miaka kumi.

Foleni nzima ilicheka, na mimi nilicheka. Yeye aliweka kalamu chini.

"Maman Carine," aliniambia, "nitaharibia batoto ya batu maisha."

Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: atoke na pensheni yake kabla hajaandika kosa ambalo hakuna mama atakayelirudisha. Alikuwa karibu kabisa. Tulivyozoea kuhesabu ofisini, aliyetimiza miaka thelathini kazini aliweza kuomba kupumzika, naye aliingia mwaka 1993. Alikwisha hata kuandika barua. Wiki ileile mpango mpya ukafika kutoka Kinshasa: miaka ya kazi haitazamwi tena, unatazamwa umri. Sitini na mitano, pungufu ya hapo rudi ofisini, na hata aliyeifikisha angojee mpaka Kinshasa imwite. Waliotunga mpango huo sidhani kama waliwahi kuinamia kitabu cha kurasa mia nne kwenye chumba chenye dirisha moja.

Basi tukagoma. Miezi miwili na nusu tulikaa nje ya ofisi na kitambaa chetu chenye maandishi mekundu, jua likija jua, mvua ikija mvua. Redioni wakatuambia tutazame kampuni za watu binafsi, maana huko wafanyakazi hawapigi kelele. Maman Bibiane, anayeuza mandazi getini, naye hakutuhurumia.

"Nyinyi batu ba Leta munalia nini?" alisema; Leta kwetu ni serikali. "Leta inawaambia mungojee. Miye nani ameniambia ningojee? Retraite yangu, kupumzika yangu, ni siku nitaanguka na hii beseni."

Tulisogea tu, wateja wake wapite.

Katika mgomo huo Papa Floribert alituudhi. Mtoto asipoandikwa ndani ya siku tisini baada ya kuzaliwa, wazazi wake hupelekwa mahakamani kutafuta hukumu, na akina mama walikuwa wanakuja wakihesabu siku kwenye vidole. Yeye akanunua daftari la shule, akawa anachukua majina pale getini, pua yake ikigusa karatasi. Watu wa sendika, chama chetu cha wafanyakazi, walimwita msaliti. Mimi nilimkaripia pia, nikamwambia anauvunja mgomo unaopiganiwa kwa ajili ya macho yake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita mama aliyefuata.

Mdogo wake, Polycarpe, aliyezaliwa miaka minne baada yake, alikuwa akija kukaa nasi. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha majani ya chai upande wa kijiji cha Miti, kazi ya mtu binafsi. Alipofikisha sitini walimpumzisha, na pensheni yake, ndogo lakini haikosi, humfikia kwenye simu. Mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Vijana wetu walipomsifia bahati yake, aliwaonyesha mkono huo.

"Kule kwetu grève haikukuwa," alisema. "Ukigoma lundi, mardi mutu mwingine amevaa salopette yako ya kazi. Balinipa pension, ndiyo. Lakini vidole yangu balibakia nayo."

Mwezi wa nane makubaliano yalisomwa kwa kipaza sauti. Waliokwisha kutimiza sitini na mitano watatoka mara moja, na pensheni yao itahesabu miaka yote ya kazi. Wengine watafuata mpango mpya. Watu waliimba, wanawake wakapiga vigelegele. Nilimtafuta Papa Floribert kwa macho. Nilijua ana sitini na sita, kwa kuwa mwenyewe aliwahi kuniambia alizaliwa mwaka mmoja na marehemu mama yangu. Nilidhani atacheza. Alikuwa anakunja kile kitambaa, polepole, pembe kwa pembe.

"Papa, umesikia? Unatoka!"

"Ku karatasi," alisema bila kuniangalia, "niko na cinquante-neuf. Hamsini na tisa."

Alinieleza tukiwa tumekaa juu ya kitambaa chenyewe. Baba yao alipofariki, yeye aliacha shule akalima kijijini Nyantende miaka saba, mihogo na maharage ya kuuza, mpaka Polycarpe akamaliza ufundi. Ndipo akarudi darasani, mwanaume mwenye ndevu katikati ya watoto. Alipopata diploma, komini ilitaka waandishi wasiozidi miaka thelathini. Yeye alikuwa na thelathini na mitano. Karani mmoja, marehemu sasa, alimwandikia karatasi ya kuzaliwa yenye mwaka 1965. Miaka saba ya jembe ikakatwa, naye akaingia kazini kijana.

Wakati ule kila mtu alifanya hivyo, wala hakuna aliyeona aibu. Unapunguza umri ili uingie, unaupunguza tena ili usitolewe. Nimegonga mihuri juu ya karatasi za namna hiyo nisizoweza kuzihesabu. Nani angefikiri kuna siku mtu atauhitaji uzee wake?

Ni Polycarpe aliyekumbuka kitabu cha ubatizo. Walikwenda wote wawili parokia ya Nyantende, wakarudi na karatasi yenye muhuri wa padri: Floribert, mtoto wa siku tano, amebatizwa mwaka 1958. Polycarpe alikuwa anaishika kwa mikono yote miwili. Jumapili hiyo kanisani nilimwombea Papa Floribert, na katikati ya sala nikasikia nataja jina langu. Niliona haya, lakini sikulifuta.

Siku ya ukaguzi wa umri wa wafanyakazi nilimsindikiza ndani nimsomee fomu, Polycarpe akabaki nje kwenye ngazi. Mkaguzi alikuwa dada wa hapahapa mjini, Colombe, mwenye sauti ya chini na sura ya mtu aliyechoka kusikia maisha ya watu. Papa Floribert alimpa karatasi ya ubatizo. Aliisoma mara mbili, akafungua jalada lake la kazi, akasoma tena.

"Papa, uliingia Leta mwaka gani?"

"Quatre-vingt-treize."

"Limite ilikuwa trente ans. Kufuatana na hii karatasi, ulikuwa na trente-cinq." Aliinama karibu zaidi. "Nikiitia mu dossier, batasema engagement yako ilikuwa ya bongo, ulidanganya uandikwe kazi. Miaka yote inaanguka, papa. Pension, na kazi yenyewe."

"Lakini nilitumika," alisema Papa Floribert. "Kila siku nilitumika hii kazi."

"Najua."

Aliisukuma ile karatasi kwa kidole kimoja mpaka ukingo wetu wa meza. Kisha akashika kalamu, akauliza kwa sauti kubwa, kana kwamba tumeketi sasa hivi:

"Papa, sikusikia muzuri. Ulizaliwa mwaka gani?"

Nilitaka aseme hamsini na nane. Nilitaka pia afunge mdomo. Sijui hata leo kama nilikuwa namhofia yeye au najihofia mimi. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa chafu.

"Mille neuf cent soixante-cinq," alisema: 1965, ule mwaka wa karani.

Colombe aliandika. "Utarudi kutuona mu deux mille trente, papa, miaka sita tena. Kazi njema."

Nilikunja karatasi ya ubatizo nikaitia mfukoni mwake, kwa kuwa mikono yake haikuwa inaona mfuko ulipo. Tulitoka. Polycarpe alisimama haraka, kofia mkononi, uso wote ukingojea habari njema.

"Mukubwa, banasema nini?"

Papa Floribert alimtafuta bega, akalipata, akaliegemea.

"Banasema miye niko mudogo yako."

Polycarpe alifungua mdomo acheke. Kisha nikaona anahesabu, na nikaona amefika kwenye ile miaka saba ya jembe. Alikaa chini kwenye ngazi, mzee wa miaka sitini na miwili, akalia mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni, na kaka yake alisimama pale mpaka alipomaliza.