Nilisema Mtu Asiguse Swichi

Chekeni mpendavyo, mimi fundi sikukosea. Mama Hiza wa Korogwe alinunua nyumba kuukuu ya meneja wa shamba la mkonge, akaniita niunganishe kompyuta za vyumba vyote kwa waya. Waya zote zinaishia kwenye kisanduku ambacho sisi mafundi tunakiita swichi. Kabla sijakijaribu, umeme ukakatika. Nikazima soketi yake ukutani, nikaonya nyumba nzima: “Umeme ukirudi, mtu asiguse swichi!”

Asubuhi yake nikarudi, nikakuta umeme upo lakini mtandao haufanyi kazi. Nikalaumu panya. Nikatambaa darini toka sebuleni hadi jikoni, nikatoboa kuta mbili zisizo na kosa, nikashuka nimejaa mavi ya popo. Mama Hiza alikwishaanza kumtaja fundi mwingine wa Mombo.

Ndipo mama yake mzazi akatokea na kibatari mkononi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umeme ulirudi jana jioni, lakini tumekula gizani, hata swichi ya taa hatukugusa, amri yako tumeishika. Sasa unaturuhusu kugusa swichi?”

Akanyoosha kidole kwenye swichi ya ile soketi niliyoizima mwenyewe.

Nikaiwasha. Kisanduku kikawaka taa zote. Ile ni swichi, na hii ni swichi! Aombe radhi aliyezipa jina moja.