Fomu Niliyomsomea Mama wa Njugu

Leo nimesoma karatasi moja kwa sauti, mara tatu, mbele ya mtu nisiyemjua. Na bado niko hai.

Mnanijua. Hata chapati huwa natuma mdogo wangu aniagizie.

Mamangu ni mratibu wa utafiti. Wanawahoji watu waliowahi kukaa rumande, ili sheria ya dhamana irekebishwe. Shule zimefungwa, basi nikambebea faili hadi Shauri Moyo, kwa mama mmoja anayeuza njugu. (Jina halitajwi, ni kanuni.)

Kabla ya maswali lazima atie sahihi fomu ya kukubali kuhojiwa.

Akairudisha.

"Mara ya mwisho nilisaini kitu sijasomewa. Nikalala ndani miezi saba."

Bila sahihi, hakuna mahojiano.

Kisha yule mama akaninyooshea kidole. Mimi.

"Huyu msichana wako hajasema kitu tangu aingie. Mtu kama huyu hana uongo. Asome yeye."

Nikasoma. Sauti ya mbu.

"Rudia, mami. Sauti umewachia nani nyumbani?"

Nikarudia. Mara ya tatu, nilipofika pale panaposema anaweza kuacha mahojiano wakati wowote, akanikatiza. "Hata katikati?"

"Hata katikati," nikasema, bila kuangalia karatasi.

Akatia sahihi. Nikampa nakala yake, kama inavyotakiwa. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso.

"Zile za polisi walibaki nazo. Hii ni yangu."

Njiani mamangu akauliza kama nitasoma tena wiki ijayo. Nikamwambia nitafikiria.

Nishakubali. Msimwambie.