Mayai ya Bukini wa Bwana Mifugo

Mimi na pacha wangu tulipimwa kila Jumamosi kwenye mizani ya ngozi za ng'ombe, eti Mzungu ajue yai lipi lina nguvu.

Msicheke. Yamenipata mwenyewe, Philbert, hapahapa Nyakahura, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Nimezeeka sasa, lakini hasira iko palepale.

Tulikuwa na miaka mitano. Surua ilituacha mifupa mitupu, mimi na dada yangu Esperansia.

Baba alikuwa mchunga mabata bukini wa bwana mifugo, yule Mzungu. Walikuwa wa aina mbili: weupe, na wa kijivu wenye nundu juu ya mdomo. Bwana alidai yai la bukini wa kijivu lina kiini kinono zaidi, ila alitaka ushahidi.

Ushahidi wenyewe ndio sisi!

"Wa kiume ale ya kijivu, wa kike ya weupe," akamwambia baba.

Mama alidamka kwenda shamba, kwa hiyo aliyetulisha ni bibi Koleta, mama mzaa baba.

Weee! Nilinenepa, mashavu yakajaa. Esperansia akavimba miguu, nywele zikawa nyekundu.

Mama akaenda kumpigia Bwana magoti.

"Bwana, nakuomba, na binti yangu apewe ya kijivu. Anakwisha."

"Bado. Nikibadilisha sasa sitajua kitu."

Hata hakumtazama.

Mvua zilipokatika akabadilisha kwa kupenda kwake. Mimi nikapewa ya weupe, dada ya kijivu.

Nikazidi kunenepa. Dada akashindwa kusimama.

Bwana akabaki anakuna kichwa. Mama ndiye aliyeshtuka. Asubuhi moja akageuza njiani, akatukuta jikoni: bibi ananisukumia yai la pili mdomoni, Esperansia ameshika kipande cha kiazi, ananitazama.

"Mama, hilo yai la nani?" akamwuliza bibi.

"La huyuhuyu. Tangu lini mwanamke wa ukoo huu akala yai? Unataka awe tasa?"

"Si tulikubaliana mwiko tuuache, mtoto apone kwanza?"

"Ulikubali wewe."

"Mwanangu anakufa!"

"Basi afe na heshima yake."

Namkumbuka bibi akisema hivyo huku akinifuta mdomo kwa kanga.

Mama alimlisha dada yai lake la kwanza siku hiyohiyo. Alilitapika lote. Tulimzika kabla ya Jumapili.

Baba alipompelekea Bwana habari, Bwana alipiga meza.

"Kazi yangu yote imeharibika!"

Kisha akamwuliza kama kijijini kuna mapacha wengine.

Kwa hiyo, jamani, mkibishana yai la bukini gani linajenga mwili, mimi msiniulize habari za bukini. Niambieni kwanza, nyumbani kwenu nani anakula na nani anatazama.