Masta ya Mwalimu Kwandu na Ng'ombe wa Baba Yake

Mwaka ule ambao kila mwalimu mwenye akili alikuwa amefungua genge, Mwalimu Kwandu alikuwa anasoma masta. Wenzake tunauza mitumba, wengine wanakaanga maandazi, mmoja ananunulia kampuni pamba, maana soko lilikuwa huria na mshahara ulikuwa uleule. Yeye anapokea kwa posta bahasha za vitabu vya takwimu. Mimi ni Asumini, binti wa muuza duka wa Bariadi mjini, na pale shuleni meza yangu ilipakana na yake, kwa hiyo masta ile nimeisoma nusu bila kutaka.

Nani unadhani alishika vipindi vyake kila alipokwenda Mwanza kuonana na msimamizi wake? Mimi. Mwalimu mzima wa jiografia, nasimama mbele ya kidato cha pili nafundisha Kiswahili, watoto wananisahihisha. Siku moja, kwa usingizi, alisahihisha sura ya tasnifu yake mwenyewe iliyokuwa katikati ya madaftari ya wanafunzi. Akajipa kumi na mbili kwa ishirini, akaandika chini kwa wino mwekundu: "Maelezo hayatoshi. Jitahidi." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mkuu wa shule, Mwalimu Ngeleja, hakucheka. Alimwambia achague, chaki au masta, na Kwandu akamjibu kwa adabu kwamba anavitaka vyote viwili.

Utafiti wake ulikuwa wa kujua kama watoto wa wenye ng'ombe wengi ndio wanaokosa shule zaidi. Mahudhurio tulikuwa nayo kwenye rejista. Ilibaki kuwauliza wazazi wana ng'ombe wangapi. Hapo mwenzangu, Msukuma wa kuzaliwa, binti aliyekulia zizini, akafanya kosa ambalo hata mimi wa dukani nisingelifanya: alikwenda na karatasi. Miaka ile kila aliyekuja na karatasi alikuwa anataka kitu. Dawa ya josho iliyokuwa ya bure sasa inalipiwa kwa kichwa cha ng'ombe, na ushuru nao ni kwa kichwa. Kwandu alizunguka nyumba sitini kwa baiskeli na madodoso yake. Nyumba sitini zikasema zina ng'ombe wawili, nyingine mmoja, na huyo mmoja anaumwa.

Alimalizia kwa baba yake mzazi, Mzee Mayige, nami nikiwepo. Alipiga magoti, akamsalimu mwangaluka, baba, kisha akatoa karatasi. Mzee akakohoa, akasema wawili. Nyuma yake zizi zima linalia mpaka hatusikilizani. Kwandu akamwuliza, na wale je? Mzee akageuka, akawatazama kana kwamba ndiyo kwanza anawaona, akasema wale ni wageni, wamekuja kutembea.

Msimamizi aliyarudisha madodoso yote. Aliandika kwamba kwa takwimu hizi wilaya nzima inakunywa chai ya rangi, na kwamba asipopata za kweli kufikia mwisho wa Juni, zikiwa na muhuri wa mkuu wa shule, jina lake litafutwa chuoni. Zilibaki wiki tatu. Kwandu alilia mezani mchana kweupe, na mimi niliyemtania miaka yote hiyo niliumia kweli.

Ualimu ndio ukamwokoa. Hakuuliza mtu tena. Aliwapa wanafunzi wake wote insha: "Ng'ombe wa Kwetu." Weee! Mtoto aliyeshindwa kujaza nusu ukurasa juu ya umuhimu wa misitu alijaza kurasa sita. Kila ng'ombe na rangi yake, pembe zake, mama yake, na siku aliyomkanyaga shangazi. Mhoja, mdogo wake Kwandu wa kidato cha pili, aliwaandika wale wageni wa baba yao mmoja mmoja, wakafika mia moja na kumi na watatu. Tulihesabu siku mbili, tukapata jedwali safi kabisa.

Siku ya Jumanne, Mwalimu Ngeleja alikuwa ameshika muhuri, tayari kuugonga, alipoingia Kasmiri, mtendaji wa kata. Alikuwa amesikia mnadani kwamba shule ina madaftari yenye ng'ombe wote wa kata, naye orodha yake ya ushuru ina wawili wawili. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa kazini. Akachukua daftari la juu, akasoma, macho yakamtoka. Akauliza kama yaliyoandikwa ni kweli.

Kwandu aliutazama ule muhuri. Nilijua anawaza nini. Akisema ndiyo, masta anayo, na watoto wale wanarudi nyumbani kupigwa kwa kutoa siri ya zizi.

"Ni insha za kubuni," alisema. "Niliwaambia watumie mawazo yao."

Kasmiri akarudisha daftari, akaondoka. Mkuu, ambaye hawezi kugonga muhuri juu ya kitu alichosikia kwa masikio yake ni cha kubuni, aliufungia kabatini. Kwandu akachukua chaki, akaenda kufundisha vipindi viwili mfululizo. Mimi nilibaki ofisini nimekasirika, sijui nimkasirikie nani.

Habari zilifika majumbani kabla ya watoto. Alhamisi asubuhi nilikuta wazee wamejaa kwenye benchi nje ya ofisi, wa mbele kabisa Ngassa, jirani wa Mzee Mayige. Lakini Mzee Mayige hakungoja zamu. Aliingia na koti lake la msibani, akaketi mbele ya binti yake, akasema amesikia kuna mwalimu amewafichia watu mifugo yao.

"Toa ile karatasi yako, ng'wanone," alisema. "Andika mia moja na ishirini. Mhoja kawasahau wale walioko Mkula."

Kwandu aliandika huku machozi yanadondokea dodoso. Nami nilikuwa nafuta yangu kwa mtandio. Mwalimu Ngeleja alikwenda kufungua kabati. Mzee akaivuta ile karatasi, akaanza kuisoma taratibu kutoka juu, akafika kwenye mstari wa jina la mwenye ng'ombe, akasita. Alichungulia nje kwenye benchi, kisha akamwinamia binti yake.

"Hapa," alinong'ona, "weka Ngassa."